Mbwa wa kazi asiye na kazi

Mnyororo wa mita mbili ukifungwa kwenye mti huchora duara. Baada ya majuma machache nyasi hufa, udongo mwekundu hutokeza, na ukingo wa duara hushindiliwa ukawa mgumu kama njia ya watu. Ndani yake, katika eneo la mita za mraba 12 na nusu, anazunguka mbwa ambaye mababu zake walizalishwa watembee na kondoo tangu alfajiri hadi jua linapozama. Duara la namna hii lipo nyuma ya nyumba nyingi Afrika Mashariki, penye ukuta wa mawe na penye ua wa minyaa. Mara nyingi kisa chake huishia pabaya: mbwa aliyenunuliwa kwa bei kubwa anamuuma mtoto wa jirani, au anamrarua mbuzi, au anauzwa kwa mtu mwingine ambaye naye atamfunga.

Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema mbwa hawa wa kizungu ni wabaya tangu tumboni. Mwingine anasema mbwa hana kosa, mwenyewe ndiye aliyemharibu. Wa tatu anadai kwamba mbwa alihitaji tu kukimbizwa. Wa nne hashangai hata kidogo, kwa kuwa alimtaka mkali na mkali ndiye aliyempata. Huko Burundi, mwananchi wa Ryansoro, au mfanyabiashara wa Muyinga anayewaza kumleta mbwa wa aina ya Malinois alinde ghala lake, husikia kauli zote nne na kubaki njia panda. Kila moja ina chembe ya ukweli. Lakini zote zinaruka jambo moja ambalo kwa nyumba za ukanda huu ndilo kubwa kuliko yote: ni nani hasa anayeishi na mbwa huyo.

Walikotoka na walichokuwa wakifanya

Jemani Shepadi hakuzaliwa polisi. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, ofisa wa wapandafarasi aliyestaafu jeshi la Ujerumani, alimnunua mbwa mmoja wa kuchunga, akampa jina Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza katika daftari la aina hiyo. Kazi ya mbwa wale inafaa kuelezwa kwa kirefu, maana mtu wa milima ya Burundi ataielewa kuliko mtu wa mjini. Mashamba hayakuwa na uzio. Kondoo walilishwa kwenye kipande chembamba cha majani, pembeni yake ngano ya mtu. Mbwa alitembea kwenye mpaka huo kutwa nzima, huku na huko, bila kusubiri amri kila mara. Kondoo akinyoosha shingo kuelekea ngano, mbwa alikwisha kufika. Alikuwa uzio unaotembea. Mbwa aliyechoka mapema hakufaa, na asiyejali mpaka hakufaa. Waliobaki kuzaa ni wale waliotembea saa kumi bila kulalamika na kushughulishwa na kila kilichosogea.

Malinois ni ndugu yake wa Ubelgiji, na jina lake limetoka katika mji wa Malines. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul, wa chuo cha madaktari wa mifugo cha Cureghem karibu na Brussels, aliwakusanya mbwa wachungaji 117 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ili awapange kwa sura na manyoya. Miaka minane baadaye, mwaka 1899, polisi wa mji wa Ghent walianza kuwatumia mbwa katika doria za usiku, na mbwa wachungaji wa Ubelgiji walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kutoka hapo uteuzi ulibadilika. Aliyetakiwa sasa ni mbwa anayekimbiza na kushika kwa meno bila kuachia, asiyeogopa kelele, na ambaye mchezo wa kuvutana kitambaa kwake ni mtamu kuliko nyama.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyoitawala Burundi tangu 1916 hadi uhuru wa Julai 1962. Lakini umaarufu wa Malinois wa siku hizi haukuletwa na Wabelgiji wa zamani, umeletwa na simu. Mbwa aitwaye Cairo alikuwa pamoja na makomando wa Marekani waliomvamia Osama bin Laden huko Abbottabad mwaka 2011. Mwingine, Conan, alishiriki operesheni dhidi ya Abu Bakr al-Baghdadi mwaka 2019. Video za mbwa hawa wakiruka kuta na kupanda miti zinazunguka dunia nzima kwa sekunde 30 kila moja. Saa 23 na ushee zilizobaki za siku ya mbwa huyo hazirekodiwi.

Mwili hutafuta kazi yake

Mbwa mwitu anapowinda hufuata hatua: hutazama, hunyata, hukimbiza, hushika, huua, hula. Mwanabiolojia Raymond Coppinger alieleza vizuri jinsi binadamu alivyowachagua mbwa wa kuchunga kwa kuzikuza hatua fulani na kuzipunguza nyingine. Boda Koli ana jicho na mnyato uliopitiliza, ila kushika na kuua vimefifishwa. Malinois wa ukoo wa polisi amekuziwa kukimbiza na kushika. Hatua hizo si hasira wala ukatili. Ni utamu. Mbwa huzifanya kwa sababu kuzifanya kwenyewe ndiyo malipo.

Sasa mweke mbwa huyo kwenye mteremko wa Ryansoro. Asubuhi watoto wa shule wanapita wakikimbia. Baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi zinateremka kwa kasi, mwendeshaji ameegemea mzigo wake na soli ya kiatu ndiyo breki. Mbuzi wanavuka, kuku wanapapatika. Kwa mbwa wa kawaida huo ni mchana kama mchana mwingine. Kwa mbwa aliyezalishwa vizazi kwa vizazi ashughulikie kila kinachosogea, kila tukio ni wito wa kazini, na mnyororo unamrudisha nyuma kila anapoitika. Siku ya kwanza anabweka. Mwezi wa tatu anajirusha. Mwaka ukiisha amejifunza kwamba kinachokimbia humletea maumivu ya shingo, na raha ya kukimbiza imegeuka ghadhabu. Siku mnyororo unakatika, wa kwanza kupita ndiye anayelipa.

Ambaye hakasiriki hugeukia mwili wake mwenyewe: hukimbiza mkia, hutembea njia ile ile mamia ya mara, hulamba mguu mpaka unatoka kidonda kisichopona. Majirani husema amerogwa au ana kichaa. Madaktari wa mifugo wanazifahamu dalili hizi, na hazifanani na kichaa cha mbwa kinachoua. Ni dalili za mnyama ambaye akili yake imekosa pa kwenda.

Kuna sababu ya pili, inayoanza mapema zaidi. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, katika utafiti wao wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha fupi la kuizoea dunia, takriban kati ya juma la 3 na la 12. Watu, watoto, ngurumo za pikipiki, mbuzi, mwavuli unaofunguka: anachokutana nacho kwa upole katika majuma hayo hakimtishi ukubwani. Anachokikosa humtisha. Katika ukanda wetu majuma hayo hupotea kwa makusudi. Mbwa mchanga hufungiwa bandani asione watu, kwa imani kwamba akiwazoea hatakuwa mlinzi. Anayetoka mle huwa mwoga mwenye meno, ambaye hawezi kumtofautisha mwizi na shangazi aliyekuja harusini.

“Mtoto wa nyoka ni nyoka”

Kauli ya kwanza huweka lawama kwenye damu, na nguvu yake haipaswi kudharauliwa. Mwaka 2022 jarida la Cell lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa zaidi ya 4,000, ukaonyesha kwamba mbwa wa kuchunga wana alama zao katika vinasaba vinavyohusika na namna neva za ubongo zinavyoelekezwa wakati wa kukua. Mtoto wa Boda Koli ambaye hajawahi kumwona kondoo huinamisha kichwa na kunyata mbele ya bata. Hakufundishwa na mtu.

Mwaka huo huo, hata hivyo, jarida la Science lilichapisha kazi nyingine iliyokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000. Ilikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Watu wengi walizishika takwimu hizo kama tangazo kwamba aina haina maana. Hapo walikosea. Asilimia 9 ni wastani wa mbwa wa kila namna, wengi wao wa nyumbani. Haisemi kwamba mbwa aliyezaliwa na wazazi wa polisi, nao wazazi wa polisi, ni sawa na yeyote. Inachokataa ni hukumu ya jumla: kumtazama mbwa sura na kutangaza kwamba huyu ataua na huyu hataua.

Serikali zilizojaribu kutunga sheria juu ya hukumu hiyo zimevuna kidogo. Uingereza ilipiga marufuku aina nne kwa sheria ya 1991, na ilipofika mwisho wa 2023 ikalazimika kuongeza ya tano, XL Bully. Uholanzi iliachana na marufuku yake ya pitbull mwaka 2008 baada ya kuona haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Kwa msomaji wa hapa, jambo la kuzingatia ni kwamba Jemani Shepadi na Malinois hawamo hata katika orodha ya Uingereza. Hatari yao inatokana na kumpa mtu asiye na nafasi mnyama asiye na subira, na hilo sheria ya majina haiwezi kulizuia.

“Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”

Kauli ya pili inapendwa na wapenda wanyama, nayo ina hoja. Malezi ya miezi minne ya kwanza, adabu isiyo ya fimbo, chakula cha kutosha, matibabu: haya yanabadilisha mbwa wa aina yoyote. Vyama vya kutetea wanyama, na katika ukanda huu KSPCA ya Kenya ni mkongwe kuliko vyote, vimefanya kazi kubwa kuwaondolea mbwa lawama zisizo zao.

Udhaifu wake ni kwamba inamwonea mtu mwema. Yupo mwalimu mwenye huruma aliyemnunulia mbwa chanjo zote, akamjengea banda lenye paa, hakuwahi kumpiga, na bado akashindwa, kwa kuwa anatoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Kumwambia kwamba ni mmiliki mbaya ni uongo unaoumiza. Alikosa saa, hakukosa moyo. Kauli hii ikibaki peke yake huwafanya watu waamini kwamba upendo unatosha, kisha wanaenda kununua.

“Mkimbize tu”

Kuhusu hii si lazima kusema mengi. Mbwa akikimbizwa kilomita tano kila asubuhi kwa miezi sita, mwisho wa miezi hiyo ana mapafu ya mwanariadha na sasa anataka kilomita kumi. Mbio bila kazi ya akili hujenga mwili wenye nguvu zaidi wa kubomoa banda. Kinachomtuliza mbwa wa aina hii ni kazi yenye mwanzo, kanuni na mwisho: kutafuta kitu kilichofichwa kwa pua, kukaa akingoja hadi aitwe, kutembea mguuni mwa mtu sokoni bila kuvuta kamba, kisha kulala. Kulala nako hufundishwa. Dakika 20 za kunusa zinaweza kumchosha kuliko kukimbia ovyo, na hazihitaji uwanja. Vipande vitatu vya chakula chake vilivyofichwa kwenye matandazo ya mgomba vinatosha kuanzia.

Mbwa kama kufuli

Kauli ya nne ndiyo inayosukuma soko. Mnunuzi anataka ulinzi, na muuzaji anamuuzia ukali. Kutokana na hilo kumezaliwa mambo mengi ya kusikitisha: kumfungia mbwa mchana kutwa gizani ili usiku atoke na hasira, kumlisha pilipili, kumchokoza kwa fimbo kupitia wavu. Hakuna hata moja linalozalisha mlinzi. Yote yanazalisha mbwa asiyemwamini yeyote, na watu anaokutana nao mara nyingi zaidi kuliko wezi ni watu wa nyumba ile ile.

Hebu kitazamwe kile ambacho ulinzi wa nyumba unahitaji. Mwizi wa usiku hupenda kimya. Anachokiogopa kwanza ni kelele itakayoamsha watu. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15, mwenye masikio wima na usingizi mwepesi, hutoa kelele hiyo vizuri sana, na amefanya hivyo katika maboma ya Maziwa Makuu tangu kabla ya daftari la von Stephanitz. Hatua ya pili, kumkamata mtu kwa meno na kumwachia kwa amri, ni kazi ya polisi inayohitaji miezi ya mafunzo ya mbwa na ya mtu. Mwenye nyumba anayelipia hatua ya pili bila mafunzo anapata kushika bila kuachia.

Mitindo nayo ina mkono wake. Mwaka 2014 watafiti watatu, Stefano Ghirlanda, Alberto Acerbi na Harold Herzog, walionyesha kwamba filamu yenye mbwa inaweza kupandisha mahitaji ya aina hiyo kwa miaka hadi kumi. Tamthilia ya Game of Thrones ilipovuma, watu walinunua mbwa aina ya Hasiki kwa kuwa wanafanana na mbwa mwitu wa kwenye skrini, kisha wakawatupa. Mwaka 2017 mwigizaji wake Peter Dinklage alilazimika kuwasihi mashabiki hadharani waache. Hasiki ni mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji. Kumweka pwani ya Dar es Salaam au Bujumbura, kando ya ziwa, kwa mbwa anayepoza mwili hasa kwa kuhema, ni mateso ya kila siku. Gitega na milima yake, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ina nafuu ya baridi, lakini nafuu hiyo haimpi mtu wa kuwa naye.

Mahali walikofaulu

Mbwa wa kazi kama hao wanaoshindikana nyuma ya nyumba wanafanya kazi ya kutukuka katika ukanda huu huu. African Wildlife Foundation ilianzisha mpango wake wa mbwa wa uhifadhi mwaka 2014, mafunzo yakafanyika karibu na Arusha, na mbwa waliofuzu wakapangwa kunusa pembe za ndovu na za faru katika bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya ukanda huu. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kikosi chake cha mbwa mwaka 2011 kwa ajili ya kufuata nyayo za majangili. Kenya ina kikosi cha mbwa cha polisi tangu 1948, na Jeshi la Polisi Tanzania lina Kikosi cha Farasi na Mbwa.

Kinachotofautisha vikosi hivi na nyumba binafsi hakionekani kwenye picha za mbwa waliosimama kwa fahari. Si ukubwa wa uwanja: mbwa wa bandarini analala kwenye banda ambalo halizidi chumba. Ni kwamba kila mbwa ana askari wake. Askari huyo amefundishwa kwa majuma, naye ndiye anayemlisha, anayempiga brashi, anayemkagua masikio na vidole kutafuta kupe, anayejua leo amenusa makontena mangapi na sasa apumzike. Mbwa akipata harufu ya pembe anakaa chini na kuganda, macho kwa askari wake, mkia ukifagia sakafu, kwa kuwa anajua mpira unakuja. Wapo askari walioingia katika kazi hii wakiwaogopa mbwa tangu utotoni. Waliiacha hofu hiyo kwa kufundishwa, siku baada ya siku.

Geuka sasa uitazame nyumba ya kawaida yenye mbwa wa kazi katika miji yetu. Aliyelipa ni baba mwenye nyumba, ambaye humwona mbwa kwa dakika tano jioni kupitia dirisha la gari. Anayeishi naye ni zamu, kama Warundi wanavyomwita mlinzi wa usiku, au kijana wa kazi za ndani. Huyu hakuulizwa kama anampenda mbwa. Hakufundishwa kitu. Mshahara wake ni mdogo, na mara nyingi anamwona mbwa akila vizuri kuliko watoto wake. Anamrushia chakula kwa mbali kwa kuwa anamwogopa, na mbwa anaisoma hofu hiyo. Baada ya miezi mitano zamu anapata kibarua kingine na kuondoka. Kwa mbwa mchungaji, mnyama aliyezalishwa afanye kazi na mtu mmoja kwa sauti na ishara, huko ni kufiwa. Anakuja zamu mwingine, kisha mwingine.

Vitabu vya Ulaya kuhusu mbwa hawa havikigusi kisa hiki, kwa sababu vinadhani kwamba mnunuzi na mtunzaji ni mtu mmoja. Kwetu sivyo. Pengo hilo kati ya anayemiliki na anayetunza ndilo linaloeleza kwa nini Malinois anaharibika haraka Bujumbura, Nairobi au Dar es Salaam hata ndani ya kiwanja kikubwa chenye nyasi.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili wa Muyinga na wa Buyenzi mjini Bujumbura, kuna jambo la kuongeza. Mafundisho yanayofuatwa na wengi yanaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo, naye hukaa nje ya nyumba. Hilo haliharibu lolote. Mbwa wa kazi anaweza kulala nje maisha yake yote na akawa na afya njema. Kisichowezekana ni kumweka nje kisha nyumba nzima ikamsahau.

Hesabu ya rugo

Tuseme rugo moja, yaani boma la familia, la Ryansoro: nyumba ya matofali, shamba lisilofika nusu hekta, migomba, maharagwe, mbuzi watatu. Mbwa wa kilo 30 mwenye shughuli anahitaji takriban kilokalori 1,400 hadi 1,800 kwa siku. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hupanga mgawo wa mtu mmoja wakati wa dharura kwa kilokalori 2,100. Kwa hiyo mbwa huyo anakula karibu robo tatu ya mgawo wa mtu, tena anahitaji sehemu nzuri yake iwe nyama, dagaa au mayai. Ugali wa muhogo peke yake utamjaza tumbo na kumdhoofisha misuli. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anahitaji zaidi kidogo ya nusu ya hayo. Katika nchi yenye watu zaidi ya 400 kwa kilomita moja ya mraba, tofauti hiyo ni ya kuhesabiwa kwa uzito.

Kuna kupe pia. Mbwa wa kienyeji, ambaye ukoo wake umekaa na kupe wa hapa kwa vizazi vingi, mara nyingi hustahimili homa zake. Mgeni huanguka nazo haraka, na dawa ya kupe ya kila mwezi kwake ni gharama ya kudumu isiyokwepeka. Kichaa cha mbwa hakimchagui yeyote: kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na jamii hukikomesha pale inapochanja mbwa wake angalau asilimia 70. Bei ya Malinois mmoja ingechanja mbwa wengi wa mlima mzima.

Ghala la mfanyabiashara wa Muyinga, kwenye barabara inayokwenda mpakani Kobero, lina hesabu tofauti kidogo. Mali ni nyingi, chakula cha mbwa si tatizo, na zamu yupo kila usiku. Hapo mbwa wa kazi anaweza kufaa, kwa sharti moja ambalo ni gumu kuliko kumnunua mbwa mwenyewe: zamu apelekwe mafunzo pamoja na mbwa, alipwe kama mtu mwenye ujuzi ili asiondoke, na awe na sauti katika kuchagua. Fedha hizo ziwekwe kwa mtu kwanza. Mwenye ghala asiyekubali sharti hilo atapata ulinzi bora kwa taa, kufuli zuri na mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa.

Kwa aliye naye tayari

Wapo waliokwisha kumnunua, na mbwa yuko kwenye duara lake usiku huu. Kumwachia tu atembee mlimani ni hatari, na kumuua ni kulipiza kosa lisilo lake. Mnyororo unaweza kubadilishwa na waya mrefu uliotandazwa kati ya nguzo mbili, wenye pete inayoteleza, ili apate mita 15 za kwenda na kurudi wakati uzio unatafutwa. Achaguliwe mtu mmoja wa nyumbani, mtu mzima au kijana aliyekomaa, awe ndiye wake. Mtu huyo amlishe kwa mkono sehemu ya chakula kila siku akimfundisha kukaa, kungoja na kuja, asubuhi dakika 20 na jioni dakika 20, na kati ya hapo matembezi ya kamba. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao hata kama ametulia. Akikwisha kumuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na mtu huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisha daktari wa mifugo ndiye aamue hatima ya mbwa, si kikao cha hasira.

Anayefikiria kununua ajiulize swali moja kabla ya kuuliza bei. Mbwa huyu ataishi miaka 10 hadi 14. Nani, kwa jina lake, atakuwa naye kila siku saa 12 asubuhi na saa 11 jioni katika miaka hiyo yote, wakati wa mvua na wakati wa mavuno? Jina likipatikana, na mwenye jina akakubali, basi amlete. Jina lisipopatikana, asimnunue. Amchanje mbwa wa kienyeji aliye tayari langoni mwake.